GPS Tatu na Ukanda wa Maharagi

Siku hizi wenye mashamba wakinisimamisha mjini kuniuliza GPS ya chapa gani inafaa kwa trekta, huwa nawaudhi. Wanataka jina moja tu, waliandike kwenye simu na waende zao. Mimi nawauliza kwanza udongo wao ukoje, fundi wao anakaa wapi, na katikati ya shamba lao kuna kitu gani ambacho hawataki kife. Swali la mwisho huwafanya wanitazame kama mtu aliyepigwa na jua kali. Lakini ndilo lililoniamulia mimi, na sikulitoa kwenye kitabu chochote cha chuo. Lilitoka kwa mama mmoja mzee na maharagi yake.

Mimi ni agronomu, mtaalamu wa kilimo cha mazao, na kabla ya hapo ni binti wa mtu wa reli. Baba yangu alishuka kutoka kaskazini ya Katanga akifuata kazi ya kutandika mataruma na vyuma, na nyumbani kwetu kitu kilichopinda kilikuwa karibu sawa na dhambi. Hata picha ya Bikira Maria pale sebuleni aliipima kwa uzi wenye jiwe kabla ya kugonga msumari. Nimerithi ugonjwa huo. Nikiona mstari wa mahindi umekwenda upande, siwezi kula vizuri siku hiyo, na wanaofanya kazi nami wanajua kwamba nikinyamaza mbele ya mstari uliopinda ni heri wangepata matusi.

Patroni wangu, yaani mwajiri wangu, hakuwa na ugonjwa huo hata kidogo. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla, mtu wa milima ya Lubero kule Kivu ya Kaskazini, aliyekuja Lubumbashi akiwa kijana na kujenga jina lake kwa unga, sabuni, mafuta na malori. Depo moja, ghala lake la bidhaa, ilikuwa Kampemba hapohapo mjini, nyingine Goma kule Kivu. Alikuwa mtu wa kusali, mtu wa kuamka mapema, na mtu wa kucheka kwa tumbo lote. Zambia ilipofunga tena mpaka wake kwa mahindi, na mama wa nyumba wakaanza kununua unga wa bukari, ugali wetu, kwa kikombe badala ya mfuko, alichoka. Alipata ardhi nje ya mji, upande wa Lukafu, akaniita ofisini, akanikaribisha soda.

“Mama Agronome,” aliniambia, “minachoka kuomba muhindi kwa bantu. Sasa tutalima ya kwetu. Na tutalima na masini ya kisasa, ile inaongozwa na satellite.”

Nilifurahi kupita kiasi. Nilimpa maelezo marefu, nikamwomba jambo moja tu: achague chapa moja, kwa trekta zote tatu. Alitikisa kichwa kama mtu anayenielewa kabisa. Kisha akafanya alivyozoea kufanya maisha yake yote. Mtu wa biashara ya jumla haagizi chapa moja. Akiagiza sabuni, anajaza kontena kwa sabuni za chapa tatu, kwa sababu huyu mteja anapenda hii na yule anapenda ile, na moja ikikataa kutoka, nyingine itambeba. Ndivyo baba yake alivyouza, ndivyo na yeye alivyouza. Basi kontena lilipofunguliwa, nilikuta GPS tatu za kampuni tatu tofauti, kila moja ndani ya sanduku lake zuri, na patroni amesimama pembeni akitabasamu.

“Patron, nilisema moja.”

“Minauza marque tatu ya kila kitu. Muntu anajaribu, anachagua. Njo commerce, Mama.”

Sitazitaja chapa zenyewe. Sisi wenyewe pale shambani hatukuzitaja, tuliziita kwa rangi ya masanduku yake: ya machungwa, nyeusi na ya kijivu. Kila trekta ilifungwa moja. Nikamwambia patroni kwamba maadamu zimeshafika, basi tutazipima kwa haki, kila moja na sehemu yake ya shamba, na mwisho wa msimu nitamwambia tubaki na ipi. Hilo alilipenda sana.

Ya machungwa ilikuwa rahisi kuliko zote. Unaiwasha, unaendesha kutoka mwanzo wa shamba mpaka mwisho ukiionyesha mstari wa kwanza, na yenyewe inakuchorea mingine yote sambamba nao. Hailipiwi kitu, inachukua ishara za bure kutoka angani. Tatizo lake ni kwamba ishara hizo hazitulii. Ukienda kula ukarudi, mstari wako umesogea kidogo. Ukilala ukaamka, umesogea karibu urefu wa mkono. Tena menyu yake ilikuja kwa Kireno, sijui ilikuwa imeandaliwa kwa nchi gani, na dereva wake alijifunza kubonyeza kwa kukumbuka picha tu.

Nyeusi ilikuwa ya fahari. Kioo kikubwa, sauti ya mwanamke inayosema Kifaransa safi, na mistari iliyotulia siku kwa siku. Lakini kila kitu ndani yake kilikuwa na kufuli. Ishara nzuri unailipia kila mwaka, na ukitaka ifanye kazi moja zaidi, inakuomba namba ya siri ambayo lazima uinunue Ulaya kupitia benki. Dereva wake, ambaye zamani aliendesha malori ya patroni njia ya Kasumbalesa na alikuwa na mdomo usiopumzika, alikuwa akiisalimia kila asubuhi. “Bonjour, madame,” anaiambia, “leo tena unaniomba nini?”

Ya kijivu ndiyo iliyokuwa na sura mbaya. Ilikuja na mnara wake mdogo wa miguu mitatu, ambao unausimamisha pembeni ya shamba na hauugusi tena, na mnara huo ndio unaoisahihisha trekta. Ukiusogeza mnara, umeharibu yote. Kufunga waya zake kulitutoa jasho. Lakini ilipokaa sawa, ilipita palepale ilipopita jana, bila kukosea hata upana wa vidole viwili. Ningekuwa na baba yangu siku ile ningemwita aje aone. Niliipenda mara moja, na nilificha hilo ili nisionekane napendelea.

Tulipanda. Mvua ilikuwa imeanza vizuri, asubuhi tukitoka mjini malori ya mgodi wa Kinsevere hayakututimulia vumbi tena bali matope, na kila mtu alikuwa na moyo mwepesi. Mahindi yalipochipua ndipo tulipoona tulichokifanya. Ndani ya kila sehemu mistari ilikuwa mizuri. Lakini GPS mbili za kampuni mbili hazikukubaliana dunia imeanzia wapi. Kati ya sehemu ya nyeusi na sehemu ya kijivu ulibaki ukanda mtupu, mwembamba kama hatua moja upande wa barabara, halafu ukazidi kupanuka mpaka mwisho wa shamba, ambapo ungeweza kujenga nyumba. Shamba zima lilionekana kama nguo iliyoshonwa na mafundi wawili waliogombana. Nilitamani ardhi inifunike.

Patroni alikuja Jumapili baada ya ibada kuona shamba lake, na siku hiyo alimleta mama yake.

Lazima niseme habari za mama huyo. Alikuwa amefika Lubumbashi wakati wa baridi, vita ilipopanda mpaka milima ya kwao. Alitokea mpaka wa Kasindi, akavuka Uganda, Tanzania na Zambia kwa mabasi, pamoja na wajukuu na majirani, mpaka Kasumbalesa. Nyumba ya patroni Kampemba ilikuwa imejaa watu, magodoro mpaka kwenye korido. Wote walianza maisha kidogo kidogo, watoto wakaenda shule, wanawake wakaenda soko. Yeye hapana. Alikuwa na begi moja la mistari, ameliweka karibu na mlango, na hakulifungua wala hakuruhusu mtu alisogeze. Bukari alikula tonge mbili akasema ameshiba. Ua wa nyumba ile wote ni sementi, na alikuwa anakaa pale juu ya kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, anaangalia sementi. Na kila alipoitaja nyumba ya mwanawe mwenyewe, aliiita “kwenu”. Hapa kwenu kuna joto. Kwenu maji yanakatika sana. Patroni alikuwa anaumia kwa neno hilo, aliniambia hivyo mwenyewe ndani ya gari, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na ukungu.

“Minamwambia, Mama, pumuzika. Ulilima maisha yote. Anasema atapumuzika akishakufa.”

Siku hiyo ya Jumapili mama alitembea mpaka kwenye ukanda, akasimama. Akainama, akachukua udongo, akauvunja kwa vidole. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu afike:

“Hapa iko ya nani?”

Mimi nilikuwa na aibu yangu ya mistari, patroni alikuwa na hasira zake za mahindi yaliyopotea. Dereva wa nyeusi ndiye aliyejibu, kwa utani wake.

“Haiko ya muntu, Kambo. Satellite ilisahau.” Kambo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu.

“Fasi kama hii inalala bure?” mama alisema. “Kwetu bantu banaweza kupigana kwa fasi kama hii.”

Jumatatu alikuwa wa kwanza ndani ya pikapu yetu, na jembe juu ya magoti. Hakumwomba mtu ruhusa. Katika muda mfupi ukanda wote, kuanzia ncha nyembamba mpaka kule kupana, ulikuwa na maharagi. Alipanda kwa jicho, na nakiri kwa shida kwamba mistari yake haikuwa mibaya. Alianza kula na wafanyakazi, kwenye sufuria moja, bukari na mboga za lengalenga. Patroni alijua na akajifanya hajui. Mimi nilikasirika. Niliajiriwa kulinganisha mitambo ya kisasa, na sasa kila mgeni aliyefika alionyeshwa kwanza bustani ya mama wa patroni. Nilimwambia dereva wa nyeusi kwamba tukifika siku ya kupiga dawa ya magugu, mchezo huo utakwisha, maana dawa ya mahindi inaua maharagi yote bila kubakiza jani.

Halafu Goma ikaanguka mikononi mwa waasi.

Sina la kusimulia kuhusu hilo ambalo wengine hawalijui. Kwetu lilifika kwa simu. Simu ya patroni ililia tangu asubuhi mpaka betri ikafa, akachukua ya mtu mwingine. Depo yake ya kule ilivunjwa, bidhaa zikaenda, benki zikafungwa, na binamu yake aliyekuwa analinda hakupatikana kwa siku nyingi. Alikuja shambani bila koti, macho mekundu, akasimama mbele ya mahindi akiyaangalia kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya ajali. Magugu yalikuwa yamepanda mpaka magotini, maana mvua zilituzuia kuingia na trekta.

“Piga dawa,” aliniambia. “Yote. Isibakie hata mustari moja. Hatuna tena kintu ingine, Mama Agronome. Ni hii tu.”

“Na maharagi ya Mama?”

“Maharagi iko soko yote,” alisema. “Nitamununulia mufuko muzima. Umuambie weye. Miye siwezi.”

Nilikwenda kumwambia. Sikupenda kazi hiyo, lakini nilijiona niko upande wa haki, na mtu aliye upande wa haki hutembea haraka. Nilimkuta amechuchumaa anang'oa magugu, majani ya maharagi yamemfika viwiko, mengine yameanza kutoa maua. Nilimweleza kwa upole nilioweza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Hii sikununua soko,” alisema. “Mama yangu alinipatia siku niliolewa, na yeye mama yake alimupatia. Kule balichoma gala. Zilibakia zile nilibeba.”

“Ndani ya begi?”

“Ndani ya begi. Ilikuwa ya kurudi nayo.”

Nilimuuliza, na sasa sauti yangu ilikuwa imeshuka, kwa nini basi hakubakiza hata ngumi moja. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto wa shule akikosea jambo dogo.

“Mbegu ikikaa inakufa, mwana. Hizi zilikaa mwaka ingine mbele ya vita. Kama sikupanda sasa, hazitaota tena. Nilipanda zote.”

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kama dawa ingeanguka pale, maharagi ya mlima ule yangekwisha duniani, au angalau duniani mwa mama yule, na hakuna soko ambalo patroni angeweza kuyanunua. Na kama tungeacha kupiga dawa karibu na ukanda, magugu yangekula mahindi ambayo nyumba nzima ya Kampemba ilikuwa inayategemea. Nilirudi kwenye kibanda chetu cha vyombo nikakaa juu ya mfuko wa mbolea. Moyo uliniuma, nasema wazi. Nilikasirika pia, sikujua na nani, labda na satelaiti.

Mashine yetu ya dawa ina mkono mrefu unaofunika mistari mingi kwa mara moja, na chini ya mkono huo kuna midomo inayotoa dawa, imegawanywa kwa makundi. Ukanda wa mama ulikuwa unapanuka kadiri unavyokwenda. Kwa hiyo mkono ule ukipita, kwanza mdomo mmoja ungekuwa juu ya maharagi, halafu miwili, halafu nusu ya mkono. Dereva hawezi kufungua na kufunga hayo kwa vidole huku anaendesha. Lazima mashine yenyewe ijue maharagi yamekaa wapi, na ifunge kundi kwa kundi. Ghafla nikawa na swali la kuuliza chapa zangu tatu, na halikuwa swali la fahari. Ni nani kati yenu anayejua kufunga mdomo?

Tulijaza maji badala ya dawa. Tulitandaza magunia makavu uwanjani yakionyesha umbo la ukanda, tukapita juu yake na kila GPS kwa zamu, kisha tukashuka kupapasa magunia. Ya machungwa haikujua habari za makundi, inafungua yote au inafunga yote, na magunia yote yalilowa. Nyeusi ilijua, na kwenye kioo chake ilituonyesha picha nzuri ya midomo ikifungwa moja moja, kisha ikasema kwa Kifaransa chake safi kwamba kazi hiyo inahitaji namba ya siri. Namba ya kununua kwa benki, wiki ambayo patroni hakuweza kutuma hata salamu kwa benki. Dereva wake alizima kioo bila kuaga. Nilimwona kwa mara ya kwanza hana utani.

Ya kijivu ilifunga. Mara ya kwanza ilichelewa, magunia ya mwanzo yakalowa. Nikaingia ndani ya mipangilio yake, nikaiambia ifunge mapema kidogo, tukarudia, tukarudia tena. Mwishowe nilipapasa magunia yote nikakuta makavu, na dereva yule wa utani akapiga kelele hadi walinzi wakaja mbio.

Ilibaki kuionyesha ukanda wa kweli. Kwa hilo, antena inatolewa juu ya trekta, inafungwa kwenye mti wa kushika mkononi, na mtu anatembea nayo kwenye mpaka wote mpaka anaporudi alipoanzia. Betri na kioo tuliviweka ndani ya toroli. Nilimwomba mama atutangulie, maana yeye ndiye aliyejua maharagi yake ya mwisho yako wapi. Alikataa.

“Kwetu, mupaka hautembeliwi na muntu moja,” alisema. “Mwenye anatoa na mwenye anapokea banatembea pamoja. Nani ananipatia hii fasi? Ni weye?”

Sikuwa mimi. Nilimpigia simu patroni. Nilidhani atanifokea, mtu aliyekuwa na Goma nzima sikioni, na mwanzoni kweli alianza kufoka. Nikamwambia maneno ya mama yake jinsi alivyoyasema. Akaacha kufoka. “Munisubiri,” alisema.

Alifika na viatu vya ofisini. Alimpa dereva simu yake, na simu ililia mfukoni mwa dereva bila mtu kuijibu. Akachukua mti wenye antena. Mama alitangulia, jembe begani, akikanyaga taratibu kwenye ukingo wa maharagi, patroni nyuma yake ameshika ule mti wima kwa mikono miwili, dereva nyuma na toroli linalokwama kwenye matope, na mimi mwisho nikiangalia kioo. Tulifanana na maandamano ya Jumapili ya Matawi. Mama alikuwa anasimama kila mahali ambapo mpaka ulipinda, anagusa ardhi kwa jembe, anamgeukia mwanawe, na mwanawe anaitika kwa lugha ya kwao, neno moja lilelile. Sikuuliza maana yake. Kwenye kioo mstari mwekundu ulikuwa unatufuata, umepinda vibaya, na kwa mara ya kwanza maishani mstari uliopinda haukuniudhi.

Tulipofunga mpaka, ya kijivu ikauliza sehemu hii iitwe nani. Dereva alimtazama patroni.

“Andika Mama,” patroni alisema, akatoka haraka kwenda kwenye gari.

Tulingoja asubuhi isiyo na upepo. Niliweka midomo ya matone makubwa, nikapunguza presha, ili dawa isipeperuke. Trekta iliingia. Mama alisimama mwisho wa ukanda, kule kupana, hakutaka kusogea hata nilipomwomba. Mkono wa dawa ulikuja, ukafika ncha nyembamba, na mdomo mmoja ukafunga. Kisha wa pili. Yakafuata makundi, moja baada ya jingine, huku upande wa pili dawa ikiendelea kumwagikia magugu. Trekta ilipompita, mama alichuchumaa, akashika jani, akalipindua, akanusa vidole vyake. Akashika jingine. Alikwenda hivyo kwenye ukingo wote akinusa, nasi wote tunamngojea, hata dereva alikuwa amezima injini.

“Haikugusa,” alisema.

Mahindi yalipona. Hayakuwa ya kumrudishia patroni Goma yake, lakini nyumba ya Kampemba ilikula na malori mawili yalipata kazi ya kubeba. Binamu alipatikana, yuko Uganda. Maharagi yalivunwa kabla ya mahindi. Mama aliyapiga mwenyewe juu ya turubai, madogo, yenye madoa ya zambarau, kisha akapika sufuria moja kwa ajili yetu sote pale shambani. Alijipakulia sahani iliyojaa. Patroni alikuwa anaongea, akaacha katikati ya sentensi, akawa anamtazama mama yake akila mpaka akamaliza na kufuta sahani kwa bukari.

Msimu ulipofika mwisho nilimpelekea patroni jibu langu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za vidole viwili, za ishara zinazotangatanga, za kufuli na mafundi. Alinisikiliza kidogo tu. “Ya kijivu,” alisema. “Ile ilijua kufunga mudomo.” Akauza zile mbili kwa wenye mashamba wengine, naamini kwa faida, akaagiza mbili za kijivu. Mara hii alikubali chapa moja.

Kwa hiyo sasa trekta zote zilisema lugha moja, na mistari yote ingekutana. Hapakuwa tena na sababu ya ukanda kuwepo. Kabla ya kupanda, dereva aliniuliza kama aifute ile sehemu yenye jina la Mama ili mahindi yapite moja kwa moja, na mimi, binti wa reli, nikamwambia tumngojee patroni. Tulimkuta amekaa na mama yake kwenye baraza la nyumba ya shambani. Begi la mistari lilikuwa wazi kati yao. Mama alikuwa anagawa mbegu za maharagi mafungu mawili, bila haraka, akiondoa zilizovunjika.

Fungu moja alilitia ndani ya begi, akalifunga kwa kamba. “Hii ya kurudi nayo kwetu,” alimwambia mwanawe. Kisha akaweka mkono juu ya lile lililobaki na kunyoosha kidevu kuelekea shambani. “Na hii ya kupanda kwangu, pale.”

Patroni alisimama ghafla akatugeuzia mgongo, akajifanya anaangalia matairi ya trekta. Nilimwambia dereva aache ile sehemu kama ilivyo.